Mji wa Mimba na Neno "Histeria": Jina Lililotoka Ugiriki Likafika Kashasha

Miezi michache iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni afisa elimu katika halmashauri moja ya wilaya alinitumia nakala ya taarifa, akiniomba niipitie lugha kabla hajaipeleka mkoani. Ilihusu shule ya bweni ya wasichana ambako wanafunzi walikuwa wakianguka, wakipiga kelele na kukimbia ovyo usiku. Katika nafasi ya "chanzo cha tatizo" palikuwa na neno moja: histeria. Katika nafasi ya "hatua zilizochukuliwa" ilielezwa kwamba wazazi wameitwa na viongozi wa dini wamealikwa kufanya maombi.

Lugha ya taarifa haikuwa na kosa. Hata hivyo, sikuirudisha siku ile. Neno lile moja lilinikaa kooni, maana lilikuwa limefanya kazi ambayo neno halipaswi kuifanya: lilikuwa limejibu swali kabla halijaulizwa.

Tuanze na umbo lake. Histeria tumelipokea kutoka Kiingereza, na Kiingereza kililijenga juu ya neno la Kigiriki hystera, yaani mji wa mimba. Mzizi huohuo umo katika msamiati wa kawaida wa hospitali. Upasuaji wa kuondoa mfuko wa uzazi huitwa na madaktari histerektomia: hystera ni mfuko wenyewe, na sehemu ya pili inatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nje" na "kukata". Katika chumba cha upasuaji neno hili halina ubaya wowote. Linataja kiungo na linataja kisu. Wauguzi wetu humwambia mgonjwa kwa Kiswahili kwamba "atatolewa kizazi", na hapo Kiswahili kinabeba uzito ambao Kigiriki hakina, kwa kuwa kizazi ni kiungo na pia ni watu wote watakaofuata.

Kuhusu asili ya hystera yenyewe, baadhi ya wanaisimu hulihusisha na hysteros, "-a baadaye" au "-a nyuma", kwa maana ya kiungo kilicho mwisho kabisa wa viungo vya ndani. Warumi walikuwa na neno lao, uterus, ambalo wataalamu wengi huliweka karibu na neno la Kisanskriti linalomaanisha tumbo. Hayo ni mambo ya kamusi, na sitakawia hapo.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba Wagiriki walikuwa na jina la pili la kiungo hichohicho: delphys. Kutokana nalo walipata adelphos, ndugu, yaani yule mliyetoka naye mji mmoja wa mimba. Ndilo lililo ndani ya jina la Philadelphia, mji wa Marekani ambao William Penn aliuita hivyo akiutakia upendo wa kindugu. Sisi hatuhitaji kufundishwa fikra hii. Tunaposema "ndugu wa tumbo moja" tumesema adelphos bila kuvuka bahari. Waarabu nao, kutokana na mzizi wa rahim, mji wa mimba, wana rahma, nasi tukapata rehema na majina Rehema na Rahma tunayowapa mabinti zetu. Waislamu wa pwani huita wajibu wa kuwatembelea jamaa silaturahim, kuunga mji wa mimba uliowazaa. Na Kiswahili chenyewe kinaposema mji wa mimba, hakuna mzungumzaji anayeweza kulitamka neno la kwanza bila kusikia makazi ya watu.

Basi tazama. Kiungo kimoja. Katika delphys kimezaa undugu. Katika Kiarabu kimekuwa jirani wa huruma. Katika Kiswahili ni mji, nyumba, kizazi. Lakini kutoka hystera kimezaa jina la kichaa. Kulikoni?

Jibu liko katika maandishi ya kitabibu ya Wagiriki ya karne ya 5 na ya 4 KK, yale yaliyokusanywa chini ya jina la Hippocrates ingawa yaliandikwa na watu wengi. Katika vitabu vinavyohusu magonjwa ya wanawake, waandishi hao wanaeleza kwamba mji wa mimba usiopata kazi, yaani wa mjane au wa mwanamke asiyeingiliwa wala kuzaa, hukauka, ukawa mwepesi, kisha ukapanda kutafuta unyevu. Ukifika kwenye ini au kifua, mwanamke hukabwa, akakosa pumzi na sauti. Tiba zao zilikuwa na mantiki yake: mgonjwa alinusishwa vitu vyenye harufu mbaya ili mji wa mimba ukimbie kutoka juu, na akafukizwa manukato upande wa chini ili ushawishike kurudi. Tiba kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa mume na mimba.

Liko andiko fupi katika mkusanyo huohuo juu ya magonjwa ya wasichana. Mwandishi anawataja mabinti waliofikia umri wa kuolewa ambao huona maono ya kutisha na kutaka kujinyonga au kujitosa kisimani. Yeye anaulaumu mrundikano wa damu, si mji wa mimba unaotembea, lakini agizo lake ni lilelile: binti aolewe haraka iwezekanavyo. Msomaji aliyefuatilia mjadala wa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, mpaka Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu yake mwaka 2019, atatambua kwamba fikra ya ndoa kama dawa ya usichana ina umri mrefu, na kwamba iliwahi kuvaa joho la tabibu.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Timaeus, aliitia fikra hii falsafa. Alisema mji wa mimba ni kama mnyama aliye ndani ya mwanamke, mwenye hamu ya kuzaa, ambaye akikaa muda mrefu bila matunda hukasirika na kuzunguka mwilini akiziba njia za pumzi. Karne kadhaa baadaye tabibu Aretaeus wa Kapadokia alirudia jambo hilo karibu vilevile: mnyama ndani ya mnyama.

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wangu watulie, kwa sababu wengi hudhani watu wa kale waliamini haya kwa kuwa hawakuwa na njia ya kujua zaidi. Sivyo. Mnamo mwaka 300 KK, katika mji wa Alexandria nchini Misri, Herophilus alikuwa tayari akipasua maiti za binadamu, na ndiye aliyeeleza ovari. Soranus wa Efeso, aliyeandika kitabu kizima juu ya magonjwa ya wanawake mwanzoni mwa karne ya 2 BK, alisema wazi kwamba mji wa mimba hautoki kama mnyama pori kutoka pangoni, na akawakejeli waliowafukiza wagonjwa manukato. Galen naye alijua kwamba kiungo hicho kimefungwa kwa mishipa na tando zinazokizuia kutembea. Yeye aliliondoa tembezi la mnyama, akabakisha kisa: sasa mgonjwa aliugua kwa sababu ya mbegu iliyozuiliwa ndani yake. Mnyama alikufa, lakini mjane na msichana walibaki wagonjwa, na ndoa ikabaki dawa.

Kwa maoni yangu, hili ndilo fundisho kubwa la historia ya neno hili kwa yeyote anayefanya kazi na takwimu na ushahidi serikalini. Ushahidi wa anatomia ulikuwapo. Uliandikwa na watu wenye hadhi, ukanakiliwa, ukasomwa. Haukutosha, kwa kuwa maelezo yale ya kwanza hayakuwa yakishikiliwa na ushahidi. Yalishikiliwa na manufaa yake kwa waliokuwa na mamlaka ya kueleza.

Lazima pia nikiri kosa langu. Kwa miaka kadhaa nilifundisha darasani kwamba Hippocrates ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina la histeria. Nilikuwa nimeyasoma hayo katika vitabu vinavyoheshimika, navyo viliyanakili kutoka vitabu vingine. Mwanahistoria Helen King alionyesha mwaka 1993 kwamba hakuna jambo la namna hiyo katika maandishi ya Kigiriki. Kilichomo ni kivumishi cha kawaida, "-a mji wa mimba", na maelezo ya kukabwa. Ugonjwa mmoja wenye jina moja haumo. Sehemu ya mkanganyiko ilitokana na Émile Littré, Mfaransa aliyetafsiri mkusanyo wote kati ya 1839 na 1861, akaweka vichwa vya habari vyenye neno histeria juu ya vifungu ambavyo havikuwa na vichwa hivyo. Daktari wa karne ya 19 alifungua kitabu cha kale akaona ugonjwa wa zama zake umeandikwa humo. Akafurahi kwamba una umri wa miaka elfu mbili. Kumbe alikuwa akisoma mwandiko wa jirani yake.

Kati ya Galen na Littré kuna mengi, nami nitachagua moja. Mwaka 1602 huko London, msichana aliyeitwa Mary Glover alianza kuanguka na kupoteza sauti, na mwanamke mzee, Elizabeth Jackson, akashtakiwa kwamba amemroga. Tabibu Edward Jorden alitoa ushahidi mahakamani kuwa msichana hakurogwa, anaugua. Mahakama haikumsikiliza, na mwanamke yule akatiwa hatiani. Mwaka uliofuata Jorden alichapisha kitabu kidogo kueleza ugonjwa aliouita kukabwa na "mama", maana Waingereza wa wakati ule waliuita mji wa mimba kwa jina hilo. Alikosea kuhusu anatomia. Lakini kosa lake lilikuwa ngao ya mwanamke mzee asiye na mtetezi, na mtu yeyote anayejua yaliyowapata vikongwe wenye macho mekundu katika Kanda yetu ya Ziwa hawezi kumcheka Jorden kwa haraka. Neno hili, basi, halikuwa chombo cha dhuluma siku zote. Kuna wakati kusema "ni mwili" kulikuwa bora mara elfu kuliko kusema "ni uchawi".

Katika karne ileile ya 17 Thomas Willis aliuhamishia ugonjwa kwenye ubongo, na Thomas Sydenham akaandika kwamba wanaume nao huupata, hasa wale wa kukaa na vitabu. Jina, hata hivyo, halikuhama. Mwishoni mwa karne ya 19 lilifikia kilele chake katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, ambako Jean-Martin Charcot aliwaonyesha wagonjwa, wengi wao wanawake maskini, mbele ya ukumbi uliojaa madaktari na watazamaji. Charcot mwenyewe alisisitiza kwamba histeria ni ugonjwa wa neva na kwamba vibarua na mafundi wa kiume waliopata ajali huugua vilevile. Kijana mmoja aliyemsikiliza, Sigmund Freud, alirudi Vienna mwaka 1886 na kuyaeleza hayo mbele ya madaktari wenzake. Baadaye alisimulia kwamba daktari mmoja mzee wa upasuaji alimkatiza kwa mshangao: mwanamume atapataje histeria, ilhali neno lenyewe lina maana ya mji wa mimba?

Ninakipenda kisa hiki, ingawa kinatuumbua sisi watu wa maneno. Yule mzee alikuwa sahihi kuhusu Kigiriki na alikosea kuhusu binadamu. Asili ya neno hueleza mahali lilipotoka, haiwezi kutoa hukumu juu ya mgonjwa aliyelala kitandani. Wengi wetu tunaopenda etimolojia tumewahi kuwa mzee huyo.

Mwaka 1980, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilipotoa toleo la tatu la mwongozo wake wa magonjwa, histeria haikuwamo tena kama jina la ugonjwa. Dalili zenyewe hazikufutwa, maana zipo na zinaumiza. Ziligawanywa chini ya majina mengine yasiyotaja kiungo chochote cha mwanamke. Huku kwetu jina lilikuwa limeshafika, na tena lilikuwa limeshapata umaarufu wa dunia nzima kupitia kijiji kimoja cha Buhaya.

Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia katikati ya Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa, na shule ikafungwa tarehe 18. Mabinti waliporudishwa makwao, ugonjwa ulitokea Nshamba, ambako watu 217 walipatwa, kisha ukaenea kwingine. Walimu wa Kashasha hawakuguswa. Madaktari Rankin na Philip walichapisha taarifa yao mwaka 1963, wakihitimisha kwamba ilikuwa histeria ya umma.

Dunia imekifanya kisa hiki kichekesho. Huambiwa kwamba Watanganyika walicheka mwaka mzima. Ukweli ni kwamba kwa mtu mmoja dalili zilidumu kuanzia saa chache hadi siku 16, zikija na kupoa, na hapakuwa na furaha ndani yake: walilia, walihangaika, waliogopa kwamba wanafukuzwa, wakapigana na waliojaribu kuwashika. Na wale waliolibeba jina bila kulitazama wanasahau kwamba ugonjwa ulifika hata kwa wavulana, na kwamba shule mbili za wavulana nazo zilifungwa. Yule mzee wa Vienna angesemaje?

Siwalaumu Rankin na Philip. Walitumia neno la fani yao la wakati ule, na kabla ya kulitumia walikuwa wamewapima wagonjwa, wamefikiria maambukizi, wamefikiria sumu katika chakula, wamehesabu nani kapatwa, lini, na wapi. Neno lilikuja mwishoni mwa uchunguzi. Hapo ndipo tofauti yao na taarifa iliyokuwa mezani kwangu ilipo. Katika taarifa ile neno lilikuja mwanzoni, na uchunguzi haukuja kabisa. Hakuna aliyeandika mabinti wanalala wangapi katika bweni moja. Hakuna aliyeandika wanaamka saa ngapi, wanakula nini, mitihani iko lini, choo kiko umbali gani na nani hulinda njia ya kwenda huko usiku. Mkuu wa shule ambaye angeandika "wameanguka" angelazimika kueleza kwa nini. Aliyeandika "histeria" amepumzika, kwa kuwa sababu sasa imo ndani ya wasichana wenyewe, kama ilivyokuwa kwa yule mnyama wa Plato.

Wala si shuleni tu. Katika kikao kimoja cha kamati nilichohudhuria, mwenzetu wa kike alilalamikia usalama wa mabweni kwa sauti ya juu kidogo. Mjumbe mmoja akanong'ona neno hilihili, watu wakatabasamu, na tukaingia ajenda iliyofuata. Mimi pia niliinamisha kichwa nikaendelea kuandika. Aliyenong'ona hakujua Kigiriki, wala hakukihitaji.

Nilimpigia simu yule afisa elimu. Nikamwambia lugha yake haina dosari ila neno moja, na nikamweleza kwa ufupi haya niliyoyaandika hapa. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali la mtumishi wa umma: "Sasa mwalimu, niandike neno gani badala yake?"

Nikamwambia asitafute neno. Aandike wasichana wangapi, siku zipi, saa ngapi, walianza bweni lipi, wamekula nini, na wao wenyewe wanasema nini.

Akanyamaza kidogo. "Kisanduku chenyewe ni kidogo, mwalimu. Hayo yote hayataenea."

Nikamwambia aambatishe karatasi.